Mstari Mwekundu Kwenye Nati

Wanajumuiya, asanteni kwa kunipa nafasi. Kwa muda mrefu hamkuniona hapa, na wengine mlisema nimeingia kwenye pombe. Sikuingia kwenye pombe. Nilikuwa chumbani kwangu nikimshuku kila mtu, ninyi mkiwemo.

Mnajua mimi ni fundi umeme kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa hapa Muleba. Kabla ya msimu tunazima umeme, nafungua kabati la breka kubwa, ile inayokata umeme mashine zikizidiwa. Napuliza vumbi la maganda, naiwasha na kuizima isije ikawa nzito, nakaza nati. Kisha kwenye kila nati nachora mstari kwa rangi ya kucha ya mke wangu, kutoka kwenye nati mpaka kwenye chuma. Mtu akiigeuza nati, mstari unakatika.

Msimu ule breka ikaanza kukata mchana, kahawa ikiwa ndani ya mashine. Kabla sijafungua kabati, meneja alinipokonya ufunguo. "Wewe ndiye wa mwisho kuigusa," alisema. Nikarudishwa nyumbani. Ikasemwa kwamba nimetumwa na kiwanda kingine niue mashine.

Ndugu zangu, niliumia. Nikaanza kujiuliza nani mwingine ana ufunguo. Meneja anao. Mlinzi anao. Mwendesha mashine, niliyemfundisha kazi mwenyewe, huwa anauazima. Na ulikuwa msimu wa senene. Nyuma ya kiwanda watu walikuwa wamesimamisha mabati na mapipa, wakawasha taa kubwa kubwa za kuwavuta wale panzi usiku. Waitu, jamani, nani kati yetu huuliza umeme wa zile taa unatoka wapi, senene wakishafika mezani? Mtu akinisalimia niliwaza anataka nini. Hata jumuiya niliiacha.

Mwenyekiti wetu, huyu mama aliyekaa hapo, ndiye alikuja kunitoa. Nilimfungulia mlango nusu, nikidhani katumwa kunichunguza. Akanipeleka mpaka kwa meneja, akagoma kuondoka. "Ipimwe mbele ya wafanyakazi wote," alimwambia. "Ikionekana kaiharibu, nitampeleka polisi mimi mwenyewe."

Akaletwa fundi mgeni kutoka Bukoba na mashine yake ya kupimia. Wote tukasimama tukitazama. Breka ilibeba umeme inaopaswa kubeba, ikakata pale inapopaswa kukata. Fundi akasema ni nzima, ila kuna kitu kinaichemsha. Nikamwomba atazame mistari yangu. Yote ilikuwa mizima isipokuwa mmoja. Nati ile ilikuwa imelegea, ndiyo iliyokuwa ikiichemsha breka; chuma kimeungua, na chini yake vimebaki vipande vya waya mwembamba ambao haukuwa wa kiwanda. Meneja alimtazama mlinzi, mlinzi akamtazama mwendesha mashine, naye akatazama chini. Hakuna aliyetaja senene.

Nilirudishwa kazini. Namshukuru Mungu, namshukuru mke wangu, na mama mwenyekiti, ambaye alinitetea huku na yeye akiwa hana uhakika nami. Aliniambia hivyo baadaye. Ninachowaomba ni hiki: mkimshuku mtu, msimhukumu pembeni. Mpimeni mbele ya watu, naye akiwepo.

Aliyefunga ule waya simjui mpaka leo. Lakini wenzangu wa kiwandani wapo humu, nawaona. Simwombi mtu asimame. Tukitoka, nitakuwa pale mlangoni. Anayetaka kunipa mkono anipe, nami nitaupokea bila kuuliza.