Anahitajika Mwanachama wa Kawaida

Macho hayana pazia, na masikio ndiyo kabisa. Mkunga aliyejificha nyuma ya gazeti ndani ya treni hakuyalaumu yake. Kiti cha mbele, katibu wa chama chao cha wakunga, asiyejua nani yuko nyuma yake, alikuwa akimbembeleza mkunga mgeni waliyekutana humo humo. “Jiunge nasi, mwanangu. Tunatafuta mwanachama wa kawaida.”

“Kwani waliopo wakoje, mama?”

“Wote viongozi! Mtu akitishia kujitoa, tunampa cheo, anatulia kama mtoto aliyepewa ziwa. Sasa tuna makamu tisa wa mwenyekiti, na siku ya mkutano hakuna wa kupanga viti.”

Binti akacheka mpaka akashika mbavu. “Basi leo najiunga, kesho natishia.”

“Vyeo vimekwisha. Cha mwisho tumempa juzi mmoja mwenye maringo, eti hathaminiwi. Tangu hapo salamu anaitikia kwa nyusi.”

Nyuma yao gazeti likatetemeka. Treni iliposimama, makamu wa tisa alishuka nalo usoni, akiapa kwamba safari hii anajitoa kweli kweli, labda wampe uenyekiti.