Bei ya Maharage kwa Sauti Yangu

Ndugu zangu, jina la Bwana litukuzwe! Mimi ni Mama Neema wa Nyakitonto, mkulima wa maharage, na leo sinyamazi.

Mungu alinipa wazo: akina mama wapate bei ya sokoni Kibondo kwenye simu zao, kabla mnunuzi hajaingia kijijini na bei yake ya kutunyonya. Lakini mimi na kompyuta wapi na wapi? Nikamwajiri fundi wa mjini, tukaelewana kwa simu, nikarudi shambani kumsubiri. Wenzangu wa kwaya wakaniamini. Wakagoma kuuza mavuno yao, wakingoja bei yangu.

Ndugu zangu, kazi ilipokuja ilikuwa maridadi, ila haikuwa yetu. Ilitaka simu kubwa, sisi tuna vitochi, simu ndogo za kubonyeza. Ilitaja kilo, sisi tunauza kwa debe. Ilitaka usome, na Mama Anania, mwenye sauti kuliko sisi wote kwayani, hajui kusoma. Huku ndani wadudu wakaanza kuyatoboa maharage. Wanunuzi wakatucheka. Nililia mbele za Bwana, nikamwambia amenipa wazo akaninyima akili ya kulijenga.

Akanijibu mchana kweupe, kwenye ikibiri! Mnajua tunavyolima kwa zamu, shamba kwa shamba, na mwenye shamba ndiye hutangulia na jembe kuonyesha mstari. Siku hiyo zamu ilikuwa kwangu. Niko mbele, jasho linanitoka, Mama Anania akaniita.

"Mama Neema, hapa umetutangulia. Kule kwenye simu mbona umemtuma mgeni peke yake?"

Nikasimama palepale. Nikampigia fundi aje Nyakitonto. Akaja, akala ugali wetu wa muhogo, tukakaa wote barazani mpaka kazi ikaisha. Yeye akajenga, mimi nikatangulia: nikamweleza habari ya debe, nikarekodi bei kwa lugha yetu ya Kiha, mtu apige tu namba asikie, kwa sauti hii hii mnayoisikia. Haleluya!

Mnaniuliza kama mwenye wazo anaweza kuajiri wengine wamjengee. Anaweza! Aajiri, ila asibaki nyumbani.

Maharage yetu tuliyauza yote, kwa bei ya sokoni. Nawe uliyekata tamaa, mtumaini Bwana, kisha shika jembe lako utangulie. Siku hizi Mama Anania habishani na mnunuzi. Akitajiwa bei ya ovyo anamwekea simu sikioni, nami humo ndani namsalimu huyo bwana kwa Kiha: Mwakeye.