Ufunguo wa Karakana ya Mdogo Wangu

Ndugu waombolezaji, naombeni utulivu, nasoma mimi dada yake mkubwa kwa sababu wenye sauti nzuri wamekataa, na mbele ya safari mtaelewa walichokiogopa.

Mdogo wangu, mliyemwita Fundi Patasi, alizaliwa tarehe 9 Juni 1957, nyumba ya uani nyuma ya kiwanda cha matofali, kitinda mimba wa seremala na mshona nguo, akasoma shule ya msingi ya jirani na stesheni, hesabu alizijua, kunyamaza hakukujua. Alihitimu chuo cha ufundi mwaka 1976, akaajiriwa gerezani kufundisha wafungwa useremala hadi alipostaafu mwaka 2012. Huko kila kifaa huchorewa kivuli chake ukutani, ili jioni jicho likipita lione kipi hakijarudi, na karakana yake ya nyumbani aliipanga vivyo hivyo.

Alifunga ndoa tarehe 21 Agosti 1982 na wifi yangu huyu aliyekaa mbele, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2001 kijana mmoja alivunja duka letu, akampiga mume wangu nondo, na mkono ule mpaka leo haunyanyui kikombe. Mimi nilitaka aozee ndani, sikuficha, wala leo sifichi. Marehemu akampokea kwenye karakana ya gereza, akamfundisha, na nilipomsusia akaniambia, “Dada, huyu atatoka tu. Unataka atoke na patasi, au atoke na nondo?” Alipotoka, akamchukua afanye naye kazi nyumbani.

Marehemu alianza kuugua figo Februari mwaka jana, akalazwa mara ya mwisho wiki iliyopita, akafariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 4 mwezi huu. Pale kitandani alinikabidhi mimi, si mkewe, ufunguo wa karakana, nimpe yule yule aliyempiga mume wangu nondo, na wote mnajua mlango wa karakana unafungukia uani, anakolala wifi yangu na binti yake mdogo.

Jana nilipoingia, kivuli cha patasi ndogo kilikuwa kitupu, nikaita watu wakamkalisha chini mtu huyo, akasema fundi aliondoka nayo kwenda hospitali, nani angemwamini, hadi ilipopatikana mfukoni mwa koti la marehemu lililorudi kutoka hospitali. Hilo limemsafisha kwa patasi, halijamsafisha kwa mkono wa mume wangu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani mliolala hapa nasi, na wenzake wa gerezani waliobeba jeneza, ambalo amelitengeneza huyo huyo mliyemkalisha chini, na viungo vya mbao zake havipitishi hata wembe, ukweli husemwa hata ukiwa mchungu.

Sasa wewe uliyesimama nyuma karibu na geti, njoo uchukue ufunguo mbele ya watu hawa wote.

Mdogo wangu, lako umelisema na ukaondoka nalo, pumzika kwa amani. Sisi uliotuacha uani tutalala jicho moja wazi.