Neno la Kumtakia Mtu Mlo Mwema

Katika basi la asubuhi la Los Angeles, Bi Eduviges alikuwa na daftari la Kiingereza mapajani na swali moja lililomkaa kooni. Leo ndiyo siku yake ya kwanza kufagia ofisini, na saa ya chakula atapita mbele ya watu wanaokula.

"Kwetu Oaxaca, ukimpita mtu anakula bila kumtakia mlo mwema, umemdharau," alimwambia mzee asiyemjua aliyeketi kando yake na mkasi wa bustani. "Kwa Kiingereza nasemaje? Daftari zima sijaliona neno lenyewe."

"Halipo," alisema mzee Anselmo. "Miaka thelathini niko hapa, mama. Hawa Wamarekani kila mtu anakula kivyake kama paka. Jipitie zako."

"Nipite kimya kama mbuzi? Haiwezekani."

"Basi utafukuzwa hata fagio hujalishika."

Kituoni akapanda Mmarekani mwenye tai, akaketi mbele yao, akauma mkate wake. Abiria wakageuka kutazama, maana ubishi ule ulishafika mpaka kwa dereva. Eduviges akakohoa, akaunga maneno matatu ya Kiingereza aliyokuwa nayo: chakula, kizuri, wewe.

Mmarekani akaacha kutafuna. Akamtazama, akautazama mkate, akaumega, akampa nusu.

"Umeona?" alisema Eduviges, mdomo umejaa.

"Nimeona umeomba."

Basi likasimama. Eduviges akainuka, anacheka mpaka machozi.

"Mama," aliita Anselmo, "huko ofisini wako wangapi?"

"Ishirini."

"Basi kesho usibebe chakula."