Hakuna Mgonjwa, Hakuna Kesi: Miaka ya Afande Ogweno Mawe Mapacha

Kisesa, Ijumaa, 27 Juni 2025

Kwa Afande Venant Ogweno

Jumatatu ijayo, tarehe 30 Juni, Afande Venant Ogweno anastaafu baada ya kuitumikia Shule ya Sekondari Mawe Mapacha kwa miaka ishirini na saba na miezi mitano. Kamati ya sherehe iliniomba niandike wasifu wake kwa ajili ya kijitabu hiki. Niliwaambia wapo walimu wenye kalamu nzuri kuliko mlezi wa bweni la wasichana. Wakanijibu kwamba vyeti vyake vipo ofisini, wao wanamtaka mtu aliyekunywa naye chai. Basi naandika, na kikombe kiko hapa pembeni.

Afande Ogweno alizaliwa mwaka 1965 huko Rorya, mkoani Mara, katika nyumba ya wavuvi wa dagaa. Hutuambia kwamba utotoni hawakuwa na saa. Waliijua alfajiri kwa sauti ya makasia ya baba yake yakirudi. Labda ndiyo sababu hadi leo hatazami saa ya ukutani. Hutoka nje, husimama kidogo akiwa amefumba macho, kisha hupuliza filimbi, na hajawahi kukosea kwa zaidi ya dakika mbili. Aliingia jeshini akiwa kijana wa miaka ishirini, akapanda hadi cheo cha sajini, akafundisha kuruta gwaride katika kambi tatu.

Januari 1998, shule yetu ilipoanza kuendeshwa kwa taratibu za kijeshi, aliletwa hapa kuwa mkufunzi wa gwaride na nidhamu. Alifika na sanduku la bati, filimbi, na pasi ya mkaa. Wanafunzi wa kwanza walimwogopa kwa muhula mzima. Baadaye waligundua kwamba kila alipompigia saluti mzazi mzee, aliongeza na shikamoo kwa sauti ndogo, na kuanzia hapo hofu ikapungua, ingawa viatu vichafu aliendelea kuviona kutoka mbali kama mwewe.

Wageni hawaijui shule hii vizuri kwa sababu huja mchana. Saa kumi na moja alfajiri ukungu huwa umepanda kutoka ziwani hadi kwenye yale mawe mawili makubwa nyuma ya uwanja. Vijana mia nne hukimbia mchakamchaka humo ndani ya ukungu. Unasikia nyimbo na miguu, lakini huoni mtu, kama vile ziwa lenyewe linaimba na linakuja. Afande huwa mbele. Unamtambua kwa filimbi tu.

Zamani wazazi waliitwa shuleni kwa jambo moja: kesi. Barua ya shule ikifika nyumbani, mama anaanza kulia kabla ya kuifungua. Afande Ogweno hakuipenda hali hiyo. Alisema jeshini kuruta akikosea anaambiwa mbele ya watu, na akifanya vizuri anaambiwa pia, sasa kwa nini mzazi aambiwe nusu tu? Akanunua daftari lenye jalada jeusi, akaanza kuandika kila jambo jema aliloliona kwa mwanafunzi, hata liwe dogo kiasi gani. Mwaka 2006 akaanza kuwapigia wazazi simu.

Simu ya kwanza nusura imwue mtu. Alimpigia Mama Akumu, aliyekuwa akiuza dagaa soko la Mkuyuni, akamwambia kwa sauti yake ya gwaride kwamba anahitajika shuleni kuhusu mwanawe wa pili, Okumu, kisha salio likaisha. Mama Akumu aliacha meza yake wazi. Alifika akiwa na ndala moja mguuni na ungo mkononi. Afande akampokea kwa saluti, akamwonyesha ramani ya ziwa ambayo Okumu alikuwa ameichora kwa kichwa, bila kutazama kitabu, na visiwa vyote vikiwa mahali pake. Mama alikaa chini ya mlingoti wa bendera mpaka pumzi ikarudi. Kisha akasimama. Walimu waliokuwepo wanasema hawajasikia tena mtu akimfokea Afande namna ile: "Wee Afande! Nimekuja nikimzika mwanangu njia nzima! Siku nyingine anza na uzima, hivyo visiwa vyako baadaye!"

Alimsikiliza. Tangu siku hiyo kila simu yake huanza kwa maneno manne: hakuna mgonjwa, hakuna kesi. Ndipo anataja jina la mtoto na jambo lake. Wanafunzi walimpa jina la Hakuna Kesi, na yeye hujifanya hasikii. Mama Akumu aliendelea kuja kila muhula, na kila alipokuja alileta dagaa wa kukaanga kwa ajili ya walimu, ila wa Afande aliwapima wachache kidogo kuliko wa wengine.

Jambo la pili ambalo watu humuulizia ni gwaride la wazazi. Hili nalo lilianza kwa kosa. Siku ya Wazazi ya mwaka 2008 alitaka wazazi nao watembee kwa mstari mbele ya bendera. Mbele kabisa alimweka Mzee Mihayo, mfugaji kutoka upande wa Magu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mrefu kuliko wote. Afande akatoa amri ya kutembea. Mzee Mihayo akapiga hatua moja pembeni, akawapisha wote, akaingia nyuma na fimbo yake. Alipoulizwa baadaye, alishangaa swali lenyewe. "Afande, mchungaji anatangulia wapi? Nikiwa mbele, atakayepotea nitamwonaje?"

Basi mstari ukabaki hauna kiongozi. Mama wa mbele alitazama, hakuona mtu wa kumfuata, akamwona binti yake kwenye safu ya wanafunzi, akaenda kwake. Wa pili naye akaenda kwa wake. Kufumba na kufumbua gwaride lote lilikuwa limepasuka, kila mzazi amesimama mbele ya mtoto wake, hawajui wafanye nini. Tulidhani Afande atapuliza filimbi. Badala yake akasema gwaride limefika salama, na kila mwanafunzi amwambie mzazi wake jambo moja aliloliweza muhula huu.

Hivyo ndivyo tunavyofanya hadi leo. Wazazi wanaanzia kwenye bendera, kila mmoja anatembea hadi kwa wake, na mtu mmoja anatembea nyuma na fimbo ili asipotee mtu. Mtoto wa mwisho wa Mzee Mihayo alipomaliza kidato cha nne, mzee aliiacha fimbo ile shuleni. Iko ofisini, karibu na vikombe vya michezo, na Afande huipangusa vumbi kabla ya vikombe.

Siku ile ya 2008 walikuja wazazi kumi na tisa. Mwaka jana tuliazima mabenchi ya kanisa na bado wengine walisimama. Mwaka 2011, kwa mara ya kwanza, hakuna mwanafunzi wetu wa kidato cha nne aliyepata daraja la sifuri, na sifuri haijarudi tena. Wanaotutembelea husema ni gwaride na nidhamu. Afande husema ni akina mama wa soko na wafugaji, waliojua mtoto wao ameweza nini kabla hajafeli.

Sasa niseme na langu, kwa kifupi, maana bila hilo wasifu huu hautakuwa kamili.

Mimi nilimfahamu Afande Ogweno nikiwa mzazi. Mwanangu Evelina aliingia kidato cha kwanza mwaka 2014. Nyumbani Igogo tulikuwa wawili tu. Simu za Afande nilizipata nyingi, na nyingine zilinichekesha wiki nzima. Kwenye mchakamchaka kulikuwa na wimbo usemao jua limechomoza, tumeamka. Evelina alipopewa nafasi ya kuongoza aliimba jua limechelewa, tumeamka. Afande alimwuliza kwa nini. Akamjibu, "Afande, jua lenyewe halipo. Tumdanganye nani?" Hiyo nayo alinipigia simu kunieleza, na alishindwa kuimaliza kwa kicheko.

Septemba 2016 simu yake iliita nikiwa napanga nyanya kwenye genge langu. Nilipokea nikiwa tayari natabasamu. Akasema, "Mama Evelina." Maneno yale manne hayakuja. Nilijua kabla hajasema lingine. Ilikuwa homa kali ya siku moja. Nilifika hospitali mwanangu akiwa bado ananijua, nikamshika mkono. Afande alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, na alibaki pale hadi jioni.

Baada ya mazishi sikuweza kuipokea namba ya shule. Ikiita, naigeuza simu kifudifudi juu ya meza na kuingoja inyamaze. Alipiga kila muhula. Oktoba 2017, wiki ya mahafali ya darasa la Evelina, ikaita tena, nami sijui kwa nini nikapokea. Alisema polepole, kama mtu anayepita juu ya mawe yenye maji: "Hakuna mgonjwa. Hakuna kesi. Evelina ana nafasi yake kwenye mstari. Njoo uione."

Nilikwenda. Nilitembea na wazazi wengine kutoka kwenye bendera. Kila mmoja akafika kwa wake, nami nikaona pengo la hatua moja kati ya wasichana wawili. Darasa lake lilikuwa limeliacha wazi mwaka mzima, kila asubuhi, na hakuna aliyewahi kulikanyaga. Nikasimama mbele yake. Nyuma yangu nilisikia fimbo ya Mzee Mihayo ikigonga ardhi. Alikuwa Afande, siku hiyo ndiye aliyetembea nyuma. Akafungua daftari lake, akasimama ndani ya lile pengo, akanisomea. Tarehe tisa Mei, Evelina amemfundisha mwenzake hesabu hadi akaelewa. Tarehe ishirini Juni, Evelina amempa mgeni wa bweni shuka lake la pili. Tarehe tatu Agosti, Evelina ameongoza wimbo, amebadilisha maneno, na ana haki.

Mwaka 2019, nafasi ya mlezi wa bweni ilipotangazwa, alinipigia tena. Nimekuwa hapa tangu wakati huo. Alfajiri bado wasichana huimba jua limechelewa, na hawajui lilianza kwa nani. Mimi husimama mlangoni mwa bweni kwenye ukungu nikiwasikiliza wanapita. Wakati mwingine huhesabu sauti, na huwa najiambia kuna moja imezidi.

Mwezi uliopita, kwenye kikao, ilijadiliwa kama simu hizi ziendelee Afande akiondoka. Wengi waliona kundi la wazazi la kwenye simu linatosha. Afande hakubishana. Alisema tu kwamba kwenye kundi kila mtu anasoma habari za wote, na hakuna anayeitwa kwa jina la mwanawe. Swali likabaki hapo hapo: nani atapiga?

Juzi, Jumatano, tulipokuwa tunakunywa chai aliweka mezani simu ya shule na daftari lake la kumi na nne, akavisukuma upande wangu. Nilimwambia siwezi. Nilimwambia kwamba maneno yale kwangu yana siku ambayo hayakuja. Akajibu, "Mama Evelina, ndiyo maana. Wewe unajua simu inavyoita." Akamaliza chai yake, akaenda zake, vitu akaviacha.

Jana alfajiri Wilhelmina, wa kidato cha pili, ambaye tangu aje hapa alikuwa akisimama kila wakifika kwenye mawe, alikimbia hadi mwisho bila kusimama. Niliandika kwenye daftari. Mwandiko wangu chini ya mwandiko wa Afande ulionekana kama wa mtoto. Kisha nikakaa na simu kwa muda mrefu, chai ikapoa. Baba yake, Ngosha, ana mashine ya kusaga hapa Kisesa. Alipopokea nilisikia muungurumo, nikasema kwa nguvu: hakuna mgonjwa, hakuna kesi. Maneno yalitoka yote manne. Nikamweleza la Wilhelmina. "Ngoja, mama, nizime mashine," akasema. Ikazimika, kukawa kimya kabisa. "Haya. Sema tena, polepole."

Nikasema tena.

Afande Ogweno, kwa niaba ya walimu, wafanyakazi, wanafunzi na wazazi wa Mawe Mapacha, asante. Simu zitaendelea. Fimbo itapanguswa. Nenda nyumbani Rorya, kwa mke wako na ziwa lako, ulale asubuhi ambazo hukuzilala hapa. Huko jua likichelewa, liache lichelewe. Mungu akupe afya na miaka mingi ya utulivu.

Nina ombi moja dogo. Utukumbuke. Siku ukiwa umekaa na ziwa limetulia, nipigie kwenye simu ile ile ya shule. Siigeuzi tena kifudifudi. Ila uanze na yale maneno manne, ndipo useme habari zako.

Dorotea Machibya
Mlezi wa bweni la wasichana, mama yake Evelina