Fundi Déogratias na Sufuria Iliyozama Bwawani

Tarehe 31 Machi 1999 Fundi Déogratias Mwepu anastaafu, baada ya miaka thelathini na miwili kwenye pampu za maji za kiwanda chetu hapa Shituru. Aliingia kama msafisha mashine, akawa fundi, kisha msimamizi wa zamu. Miaka yote hiyo hakuchelewa kazini, isipokuwa asubuhi moja alipokuwa akigombana na mkewe kuhusu sufuria.

Mwaka 1994 mabomba yalikauka. Kitu kilikuwa kimeziba mdomo wa bomba linalovuta maji chini ya bwawa, na mzamiaji wetu wa mwisho alikwisha kuacha kazi kwa kukosa mshahara. Hospitali ilimtaka kila mjamzito aje na madumu yake ya maji. Mke wangu Adrienne alikuwa karibu kujifungua, nami niliogopa sana.

Fundi akatangaza kwamba atatengeneza mashine ya kuzama peke yake, yeye akiiongoza kwa waya kutoka ukingoni. Tulicheka. Akang'oa mota za waipa, zile za kufutia vioo, kwenye malori mabovu, akazifunga mapanga ya feni. Kisha akaitoboa kitako sufuria ya presha ya mkewe, Mama Clotilde, akabandika kioo cha taa ya gari. Ndani ingekaa kamera ya Barthélemy, mpiga video wa harusi, aliyeitoa huku akisali. Mama Clotilde alikuja hadi kazini kuuliza: "Déo, maharagi ntapikia mu casque yako?" Tangu siku hiyo kofia ya kazi ya Fundi haikulala tena nyumbani.

Sufuria ya presha huzuia kinachotaka kutoka, si kinachotaka kuingia. Katika jaribio la kwanza, kwa bahati njema bila kamera, ilijaa maji pomoni. Fundi akaijaza upepo kwa pampu ya baiskeli kama tairi, na maji yakashindwa kuingia.

Siku yenyewe mtaa mzima ulijipanga mbele ya televisheni iliyotumia betri ya lori. Tukaona tope, kambare mmoja mwenye dharau, halafu godoro la maua mekundu limenata kwenye wavu wa bomba. Mkuu wetu, Bwana François, akaruka: "Ile njo matelas yangu!" Liliibwa kwake wakati wa uporaji wa mwaka 1991. Mashine ikalidunga ndoana iliyofungwa kamba, tukavuta, mkuu akivuta kuliko wote. Sufuria ilipoibuka ilipiga filimbi kana kwamba maharagwe yameiva.

Wiki ileile Adrienne alijifungua binti yetu, Michelle. Muuguzi alifungua bomba ili amwogeshe. Nilisimama koridoni nikiyasikiliza maji yale, nikalia.

Kwa hayo, Fundi, asante sana kutoka kwetu sote wa zamu. Pumzika na Mama Clotilde kwa afya na amani. Michelle wetu anatimiza miaka mitano mwaka huu, na ana afya tele.