Mwalimu Sinzia Hakuwa Amelala

Mzee wetu, ambaye wanafunzi wake walimwita Mwalimu Sinzia, alizaliwa tarehe 9 Machi 1952, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha reli, mtoto wa tatu wa mpiga chapa na mkunga. Treni zikipita, vikombe vilitetemeka mezani, naye alibaki kutazama mawingu.

Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya reli, kisha sekondari, na mwaka 1974 alihitimu chuo cha ualimu. Katika miaka hiyo yote hakunyoosha mkono darasani. Alisema macho ya mwalimu yalimkausha ulimi.

Kwa hiyo alipoanza kufundisha uraia, alikaa nyuma ya darasa, akafumba macho, akasema, "Haya, mimi sipo. Nani ana la kuiambia serikali?" Vumbi la chaki lilielea kwenye mwanga wa dirisha, na sauti zikachomoza moja moja. Mkaguzi mmoja alimkuta hivyo, akaguna, akaandika kwamba mwalimu analala kazini. Mzee, bila kufumbua macho, alirudia hoja ya kila mwanafunzi, na lile guno pia. Darasa zima lilivunjika mbavu. Watoto wale leo wanaingia ofisi za umma kifua mbele, wanauliza, na hawaondoki mpaka wajibiwe.

Mwaka 1979 alimwoa fundi cherehani wa mtaa wa pili. Mama husimulia: "Namwambia nimekubali, mwenzangu kafumba macho kimya! Nikajua nimeingia hasara."

Aliyemshinda ni kitinda mimba wake, anayewasomea haya. Binti alijua haki zote kwa kichwa, ila mbele za watu sauti ilimkauka. Mwaka huu vijana wa mtaa walimwomba agombee udiwani, akakataa. Mzee, aliyekuwa akiugua figo tangu Januari, akamwambia, "Basi niambie mimi tu ungewaambia nini." Akafumba macho. Kila alasiri, pazia likipepea taratibu, binti alisema kidogo. Akinyamaza, baba alinong'ona, "Endelea mwanangu, nasikia."

Alasiri ya tarehe 2 Juni hakunong'ona. Binti alijua, akaogopa mno, lakini hotuba aliimaliza.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, na mgombea mmoja wa udiwani, aliyekubali jana.

Baba, leo watu ni wengi, na sauti bado ipo. Fumba macho upumzike kwa amani. Naendelea.